Sounion kwa Siku Moja: Anzia Lavrio, Malizia kwa Poseidon

Wageni wengi wa Athens huenda Sounion alasiri. Basi la watalii huwashusha langoni, wanapiga picha hekalu la Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale, jua likizama nyuma ya nguzo, kisha wanarudishwa mjini kula chakula cha usiku. Picha zao zinapendeza, wala siwalaumu. Ila jua kuzama baharini hata pale Forodhani, Unguja, utaliona jioni bila kukata tiketi. Aliyefunga safari hadi ncha ya kusini ya Attica anastahili kurudi na zaidi ya hapo: ajue kwa nini hekalu lilijengwa juu ya jabali lile, fedha zilizoijenga Athens zilitoka wapi, na nani alizitoa ardhini kwa mgongo wake. Kwa hiyo nakuomba jambo moja kubwa kabla ya mengine yote: toka Athens asubuhi, pitia kwanza Lavrio kwenye machimbo ya fedha, na hekalu liwe la mwisho.

Sounion, ambayo wenyeji huitamka "Sunio", ni rasi iliyo kama kilomita 70 kusini-mashariki mwa Athens. Huhitaji gari wala kundi la watalii. Mabasi ya mkoa, ambayo Wagiriki huyaita KTEL, huondoka karibu na bustani kubwa ya Pedion tou Areos, mtaa wa Mavrommateon. Ukishuka kwenye treni ya chini ya ardhi kituo cha Victoria, unatembea kidogo tu. Kuna njia mbili. Moja hufuata bahari kupitia Glyfada, Vouliagmeni na Anavyssos. Nyingine hukata ndani kupitia Markopoulo na Keratea, katikati ya mizeituni na mizabibu, mpaka Lavrio. Nenda kwa njia ya ndani, rudi kwa njia ya pwani. Wakati wa kurudi kaa upande wa kushoto, ndiko iliko bahari.

Ratiba hubadilika kati ya kiangazi na majira ya baridi, na Jumapili mabasi hupungua. Usitegemee karatasi uliyoikuta hotelini. Iulize kampuni yenyewe siku moja kabla, kisha ukishapanda muulize kondakta tena saa ya basi la mwisho la kutoka Sounion, akuandikie. Ukimuuliza kama basi linafika Sunio akakujibu "ne", usishuke: kwao "ne" ni ndiyo. Hapana ni "ohi". Na uangalie saa, maana ndipo wengi wetu tunapoponzwa. Ratiba zao huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni kwa hesabu yetu. Kiangazi saa ya Athens ni sawa na ya Dar es Salaam na Nairobi. Majira ya baridi wao huwa nyuma kwa saa moja.

Wakati mzuri ni Aprili na Mei, au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti joto la kule ni kavu na linachoma, na siku zikizidi kuwa kali serikali huweza kuyafunga maeneo ya kale saa za mchana. Beba maji ya kutosha, kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni, na viatu vyenye soli ya kushika. Usiende na ndala. Marumaru iliyokanyagwa na watu kwa karne nyingi inateleza kama sabuni, hata ikiwa kavu. Kamba ya kofia nayo si pambo: kiangazi Wagiriki wana upepo wao wa kaskazini, meltemi, unaovuma mchana kutwa kwa nguvu ambayo mtu wa Pwani ataifananisha na kaskazi iliyokasirika.

Lavrio yenyewe ni bandari ya kawaida, yenye boti za uvuvi na meli za kwenda visiwa vya Kea na Kythnos. Haina urembo wa kukuvuta. Lakini bila vilima vilivyo nyuma ya mji huu, Athens tunayoisoma vitabuni isingekuwapo. Mwaka 483 KK wachimbaji walikutana na mwamba wenye fedha nyingi kuliko walivyozoea. Raia walitaka wagawane, kila mtu achukue fungu lake aende nyumbani. Themistocles, mwanasiasa wa Athens, akawashawishi waziache fedha zile zijenge manowari. Mwanahistoria Herodotus anataja manowari 200. Mwaka 480 KK Waajemi walioivamia Ugiriki waliichoma Athens, na hekalu la kwanza la Poseidon pale Sounion, ambalo lilikuwa bado halijakamilika, likabomolewa. Mwaka huohuo manowari zile ziliwashinda Waajemi katika mlango wa bahari wa Salamis. Sarafu za Athens zenye picha ya bundi, zilizokubaliwa katika masoko ya mbali, nazo zilipigwa kwa fedha ya Lavrio.

Waliochimba walikuwa watumwa. Mahandaki mengi hayafiki kimo cha mita moja, kwa hiyo mtu alifanya kazi akiwa amepiga magoti au amelala ubavu, kwa mwanga wa taa ndogo ya mafuta. Mwandishi wa kale Xenophon anaandika kwamba Nicias, jemadari na tajiri wa Athens, alikuwa na watumwa 1,000 machimboni, akiwakodisha kwa oboli moja kwa siku kwa kila kichwa. Oboli sita ni drakma moja. Piga hesabu: bwana huyu alipata drakma zaidi ya 160 kila siku iliyopambazuka, wakati fundi stadi wa kuchonga mawe mjini alilipwa kama drakma moja kwa kutwa. Aliyewahi kushuka kwenye vyumba vya chini pale Mkunazini, Unguja, akainama dari lisimguse, hatahitaji kuelezwa zaidi. Mimi nilipotazama tundu moja la machimbo lililo wazi kando ya njia, upana wake hauzidi wa mlango wa banda la mbuzi, nilikaa chini kwanza.

Tundu la namna hiyo utaliona Thorikos, kilomita chache kaskazini mwa mji, mwendo mfupi wa teksi. Hapo pia pana ukumbi wa wazi wa michezo, miongoni mwa ya zamani kabisa Ugiriki. Haukukatwa nusu duara kama kumbi nyingine. Umerefuka kama yai, kwa kuwa waliojenga walifuata umbo la kilima. Viti vya watazamaji na mdomo wa machimbo vinatazamana karibu kabisa. Watu walikaa pale kutazama michezo, na chini ya miguu yao wenzao wanagonga mwamba.

Ukirudi mjini, ingia makumbusho ya akiolojia ya Lavrio. Ni madogo, nusu saa inatosha, lakini yana kitu ambacho hutakikuta rasini: vipande vya marumaru vyenye michongo vilivyotoka kwenye hekalu la Poseidon. Chumvi imezila nyuso za watu na farasi hadi zimekuwa kama sabuni iliyotumika, na bado ukisimama kwa ubavu mwanga ukapita juu ya jiwe, mkono ulioinuliwa unajitokeza. Vitazame vizuri, kwa sababu baada ya saa mbili utasimama mahali vilipokuwa. Makumbusho mengi ya Ugiriki hufunga siku moja ya wiki, mara nyingi Jumanne; hakikisha kabla ya kupanga safari.

Kula Lavrio, usingoje Sounion. Kule rasini utalipia mandhari. Hapa bandarini utalipia samaki. Pweza utamkuta ananing'inia kwenye kamba juani, kisha huchomwa kwenye makaa, akatiwa mafuta ya zeituni na ndimu. Hana viungo vyetu, hana ukwaju, lakini ni mlaini na ladha ya bahari iko wazi. Ukiona "gavros" kwenye orodha ya vyakula, ni samaki wadogo jamii ya dagaa, wanakaangwa wakaukauke na huliwa wazima pamoja na kichwa. "Horta" ni majani ya porini yaliyochemshwa, ndugu wa mchicha. Samaki wakubwa huuzwa kwa kilo: mwambie mhudumu akupimie kabla hajamtia motoni, na akutajie bei. Si utovu wa adabu, wenyeji wenyewe hufanya hivyo. Asiyekunywa pombe aulize kama pweza amepikwa kwa divai, maana wa mchuzi mara nyingi hupikwa nayo. Wa kuchoma kwa kawaida hana.

Kutoka Lavrio hadi Sounion hazizidi kilomita 10. Basi la saa hiyo likiwa mbali, chukueni teksi watu wawili watatu mchangie. Panga ufike walau saa tatu kabla ya jua kuzama. Mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu usiku kwa hesabu yetu. Desemba huzama saa kumi na moja jioni na dakika chache. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu aliyezoea jua la ikweta, na ndiyo itakayoamua uondoke Athens saa ngapi.

Ukipita lango utaliona hekalu mara moja, lakini usikimbilie juu. Tafuta kwanza mabaki ya ukuta na minara yanayozunguka kilima. Mwaka 413 KK Athens ikiwa vitani na Sparta, njia ya nchi kavu ya kuleta nafaka ilikuwa imekatwa, na meli zilizobeba chakula zililazimika kuizunguka rasi hii. Mwanahistoria Thucydides anaeleza kwamba Waathene waliijengea ngome Sounion ili meli hizo zipite salama. Chini kando ya maji walichonga mwambani vipito vya kuvutia manowari mbili. Kwa hiyo hapa palikuwa mahali pa ibada na papo hapo kituo cha ulinzi, na mtu aliyeomba dua kwa Poseidon alikuwa na askari ubavuni.

Kwenye kuta hizihizi ndiko walikoishia watumwa wa Lavrio. Mwishoni mwa karne ya 2 KK waliwaua walinzi wao machimboni, wakaiteka ngome ya Sounion, wakaitawala na kuivamia Attica kwa muda mrefu. Habari yenyewe imebaki katika sentensi chache za mwandishi wa baadaye, na hakuna jina hata moja la mtumwa lililoandikwa. Ndiyo maana nimekuomba upitie Lavrio. Ukiwa umeshaliona lile tundu, ukuta huu hautakuwa rundo la mawe.

Sasa panda. Hekalu lililobaki lilijengwa kati ya mwaka 444 na 440 KK hivi, zama za Pericles, kiongozi wa Athens, juu ya misingi ya lile lililobomolewa na Waajemi. Liko kama mita 60 juu ya maji. Lilikuwa na nguzo 6 mbele na nyuma na 13 kila ubavu, za pembeni zikihesabiwa pande zote mbili, yaani 34 kwa jumla. Zinazosimama leo hazifiki 20, na baadhi zilisimamishwa upya na mafundi wa zama zetu. Kamba haitakuruhusu kuzigusa, lakini unasogea karibu kiasi cha kuona jiwe linavyofanya kazi.

Chagua nguzo moja ukae nayo. Si gogo moja la jiwe. Ni vipande vya mviringo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine hadi kimo cha mita 6 na kidogo, chini nene kiasi cha mita moja, juu nyembamba zaidi. Hesabu michirizi inayopanda kutoka chini hadi juu. Nguzo za namna hii, za mtindo wa Kidoriki, kwa kawaida huwa na michirizi 20. Hizi zina 16. Michirizi ikiwa michache, kingo kati yake huwa butu na nene zaidi, na wengi hueleza kwamba fundi alifanya hivyo kwa kuhofia upepo wa chumvi. Rangi nayo ina habari yake. Marumaru hii ilikatwa Agrileza, bonde lililo karibu, na haina chuma ndani yake, kwa hiyo haigeuki rangi ya asali kama ile ya hekalu la Parthenon mjini Athens. Imebaki nyeupe kama tui. Ila ni laini, na upande unaotazama bahari utaona imechimbika vishimo vidogo kama mfupa mkavu. Hakuna mwongozaji aliyewahi kunionyesha vishimo hivyo. Wote hukimbilia jina la Byron, mshairi wa Uingereza, lililochongwa kwenye jiwe la hekalu kati ya majina mengine mengi ya wageni wa karne zilizopita. Litafute ukipenda. Usiache lako, ni kosa la jinai, na jiwe limeshaumia vya kutosha.

Kisha lipe hekalu mgongo, utazame inakotazama rasi. Mashariki kuna kisiwa kirefu kilichokauka, Makronisos, ambako baada ya mwaka 1947 maelfu ya wafungwa wa kisiasa wa Ugiriki walifungiwa. Nyuma yake ni Kea. Magharibi karibu na nchi kavu ni Patroklos. Baharia aliyetoka visiwani akielekea nyumbani aliiona rasi hii kwanza, na katika Odyssey, utenzi wa kale wa Wagiriki, tayari inaitwa Sounion takatifu. Hapo ndipo Mfalme Menelaus alipomzika nahodha wake Phrontis aliyefia usukani. Wagiriki husimulia pia kwamba Mfalme Aegeus wa Athens alikuwa akimngoja mwanawe Theseus atoke Krete. Walikuwa wamekubaliana tanga jeupe liwe ishara ya uzima. Theseus akasahau kubadili tanga jeusi, na baba alipoliona akajitupa baharini, bahari ikachukua jina lake. Wapo wasemao alijirusha kutoka ngome ya Athens. Ukisimama ukingoni pale Sounion, utajua kwa nini wasimuliaji wengi wamependelea jabali hili.

Mtu wa Pwani ana sababu yake ya kusimama hapo kidogo. Katika karne ya 1 BK mfanyabiashara mmoja kutoka Misri aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za bahari, akaufikisha hadi pwani yetu, aliyoiita Azania, na soko lake la mwisho Rhapta. Anataja vyombo vya huko vilivyoshonwa kwa kamba, na jina la Rhapta lenyewe linatokana na kushona. Mtepe wa babu zetu uliandikwa kwanza kwa lugha hii unayoiona kwenye vibao vya lango.

Kabla hujashuka, ulizia kilima cha chini upande wa kaskazini-mashariki, kiasi cha mita 500. Watu hawaendi huko. Palikuwa na hekalu la Athena, mungu wa kike wa Athens, na ramani yake ilikuwa ya ajabu: nguzo za nje zilikuwa pande mbili tu, mashariki na kusini. Leo umebaki msingi na sakafu, kwa sababu zama za Warumi sehemu zake zilibebwa hadi sokoni Athens zikajengee hekalu jingine. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, aliandika kwamba hekalu la juu ndilo la Athena, na wasomi wakamwamini mpaka maandishi yaliyochimbuliwa yalipoonyesha kwamba la juu ni la Poseidon. Nenda hata kwa dakika kumi. Ukiwa pale utaliona hekalu la Poseidon lote kwa pamoja, jambo lisilowezekana ukiwa chini ya nguzo zake.

Lango hufungwa pamoja na jua, na walinzi huanza kuwahimiza watu mapema. Ushauri wangu: usigombanie nafasi juu. Teremka ufukoni chini ya rasi, kwenye ghuba ndogo ya magharibi, uoge ikiwa ni kiangazi, ulitazame hekalu kutoka majini kama mabaharia walivyoliona. Bahari ile ni baridi kuliko yetu na ina chumvi zaidi, inakubeba vizuri. Jua likishazama, usikimbie. Kwetu giza huingia papo hapo, lakini kule kiangazi mwanga hubaki angani nusu saa na zaidi, na nguzo huwa nyeupe kuliko zilivyokuwa mchana. Kaa mpaka uzione hivyo, lakini basi la mwisho lisikuponyoke. Ukilikosa, teksi ya usiku hadi Athens itakugharimu kuliko safari nzima.

Kama umebakiwa na siku nyingine mjini, nenda Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia ya Athens ukamwone kijana wa Sounion. Alichongwa kama mwaka 600 KK, kabla ya mahekalu yote mawili uliyoyaona, akawekwa rasini kama sadaka, na mwaka 1906 wanaakiolojia wakamkuta amezikwa shimoni karibu na hekalu. Ana kimo cha mita 3.05, mguu wa kushoto umetangulia mbele.